Tangazo lilisema mchanganyiko, nikakuta ratiba tu

Karate, ngumi na mieleka kwa ada moja, ndivyo walivyotangaza. Jina la klabu naliacha. Natoka Buhongwa kwa daladala nikitoka kazini, nimechoka, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Siku ya karate ni karate tupu. Siku ya ngumi, ngumi. Siku ya mieleka, mnagaragara kwenye mkeka basi. Hakuna anayekuonyesha namna ya kutoka kwenye kimoja kuingia kingine, na mchanganyiko wenyewe ndio huo! Ukisimama ubavu na miguu mipana kama mtu wa karate, mtu wa mieleka anaubeba mguu wa mbele, unakwenda chini. Ukiinamisha kichwa kukwepa kama bondia, goti linakukuta usoni.

Juzi kati nikamuuliza mwalimu mkuu, tena kwa adabu: "Shikamoo mwalimu. Nikipiga teke, mtu akaudaka mguu, nifanyeje?" Akanitazama mbele ya wanafunzi wote, wakiwemo watoto. "Wewe dogo, mkanda wako rangi gani?" Ukumbi mzima ukacheka.

Rangi ya mkanda, yaani cheo changu cha karate! Kwenye UFC ya kwanza, yale mashindano ya Marekani ya kupambanisha watu wa mitindo tofauti, Denver, mwaka 1993, bondia Art Jimmerson aliingia na glovu moja mkononi. Royce Gracie, mtu wa jiu-jitsu, mchezo wa kupambana chini, akamwangusha, akamkalia juu, na jamaa akagonga kukubali kushindwa kabla hata hajakabwa. Bondia kabisa huyo, ila chini hakuwa na la kufanya. Ndicho nilichokuwa nauliza mimi.

Kocha wa ngumi, haki ya Mungu, ni mtu. Wenzetu walipoondoka alinivuta pembeni: kamata shingo yake, mrukie karibu badala ya kumkimbia, geuza goti, sukuma mguu ushuke mpaka ukanyage. Tukarudia mpaka ikakaa. Dakika chache zile zilinifaa kuliko miezi yote. Kwa ajili yake nilikuwa tayari kuwaambia nendeni, klabu ni nzuri.

Lakini kipindi kilichofuata mwalimu mkuu alimkaripia mbele yetu asifundishe "mambo ya mitaani". Mtu mzima mwenzake! Kocha akanyamaza, akaendelea kushika pedi. Hapo ndipo moyo wangu ulipoondoka pale.

Basi msiende. Au nendeni siku za ngumi tu, mwombe mlipie hizo peke yake. Mimi niliomba, wakakataa.