Wameshusha injini ya Probox yangu hapa Kizota, Dodoma, gia boksi ikabaki nzima

Gereji yenyewe haina kibao. Ukitoka mjini kwa barabara ya Singida, ukishaingia Kizota, ulizia gereji ya kwenye mwarobaini, ile yenye fremu ya vyuma na cheni bloki inayoning'inia. Kukaa utakaa juu ya tairi.

Mimi nauza mchele. Kila wiki nafuata mzigo Bahi, na hiyo Probox ndiyo punda wangu. Ilianza kutoa moshi wa bluu, ikawa inakunywa oili kama inavyokunywa petroli, mwisho ikachemka nikiwa nimepakia. Nikaamua kuachana na ile injini, nikanunua nyingine ya mtumba, 1NZ kama iliyokuwemo. Lakini kununua injini ni rahisi. Shughuli ipo kwenye kuitoa ya zamani bila kuua gia boksi ya otomatiki ambayo haikuwa na kosa.

Nasema hivyo kwa sababu nilishaungua. Gari yangu ya kabla ya hii, mafundi wa sehemu nyingine (siitaji, yamepita) walipokuwa wanarudisha injini waliona imebaki nafasi ya kidole kati yake na gia boksi. Badala ya kujiuliza kwa nini, wakaingiza bolti ndefu wakavuta mpaka zikabana. Injini ikawaka vizuri tu, gia haikuingia hata moja. Walikuwa wamevunja pampu ya ndani ya gia boksi. Gia boksi nyingine nilinunua mimi.

Kwa hiyo siku ya kwanza hapa sikuuliza bei. Nilimuuliza fundi mkuu: "Fundi, konveta unaitoaje?" Akacheka. "Mama, konveta siitoi. Inabaki na gia boksi." Hapo hapo nikamwachia funguo.

Kwa ambao hawajaiona, konveta ni dude la duara, zito, kama sufuria mbili zilizofunikana, limejaa haidroliki, yaani mafuta ya gia boksi. Upande mmoja limefungwa kwa bolti kwenye sahani nyembamba ya chuma iliyo nyuma ya krenki (mhimili wa injini unaozunguka), upande wa pili shingo yake imezama ndani ya gia boksi na ndiyo inayozungusha pampu. Ukivuta injini bila kufungua zile bolti, unalichomoa dude zima, haidroliki inamwagika, na siku ya kurudisha linakaa nusunusu.

Zangu zilikuwa sita. Unazifikia kwa kidirisha kidogo cha chini, na kinaonyesha bolti moja tu kwa wakati. Kijana mmoja alilala chini, mwingine akawa anazungusha krenki taratibu kwa spana ya 19 kwenye puli ya mbele. Inafunguliwa moja, inazungushwa, inakuja nyingine. Zote zikaingia kwenye kopo lake peke yake. Kabla ya hapo fundi alitaka kuweka alama ili konveta na sahani virudi vilivyokuwa, chaki ikawa inafutika kwa mafuta. Akaniangalia mkononi. "Mama, hiyo rangi ya kucha unayo?" Ninayo, ya nyekundu, ilikuwa kwenye pochi. Mpaka leo Probox yangu imepakwa kucha.

Nilimuuliza kwa nini asiiache gia boksi humo humo akanyanyua injini peke yake, tupunguze kazi. Akasema kwenye gari kama hii injini imelala kwa upana, na ili iachane na gia boksi lazima isogee pembeni kwanza. Ubavuni hakuna nafasi ya kutosha. Kwa hiyo walichomoa shafti zote mbili za kwenda kwenye matairi, wakatoa vyote kwa pamoja na cheni bloki, wakatenganisha chini juu ya matairi. Kompresa ya AC waliifungua bila kugusa mabomba yake, wakaifunga pembeni kwa waya, gesi ikabaki. Hilo nililipenda, maana kujaza gesi ni hela nyingine.

Kutenganisha kwenyewe kulikuwa kimya kimya. Bolti za hauzi, lile ganda la gia boksi linalokutana na injini, zilikwisha kutoka zote, lakini kuna pini mbili zinazoshikilia, na zilikuwa zimeshika kutu. Kijana akachukua nyundo. Fundi akamwambia aiweke chini. Wakatumia mitaimbo miwili midogo, huku na huku, kidogo kidogo, mpaka ikaachia. Mtu mmoja muda wote alikuwa anaisukuma konveta irudi ndani, na ilipoachana tu wakaikingia kipande cha bati kilichofungwa bolti ili isiteleze.

Injini mpya kabla haijaunganishwa walibadilisha sili ya nyuma ya krenki, ile inayozuia oili isivuje. Sili ni hela ndogo, kuifikia ndiko ghali. Wakati wa kurudisha, fundi aliitikisa konveta huku anaizungusha, nikasikia "tk", kisha tena "tk", ikazama. Akapima kwa rula kutoka ukingo wa hauzi. Injini ikasogezwa kwa mkono mpaka ikagusana na gia boksi bila bolti kuvuta chochote, kisha akaniita niizungushe konveta mwenyewe kwa kidole kupitia kidirisha. Ilizunguka bila kukwaruza.

Sasa malalamiko, maana yapo. Waliniambia Alhamisi, nikapewa gari Jumamosi jioni, safari ya Bahi ikanipita na wateja wakanisema. Haidroliki sahihi, ile ya T-IV, hawakuwa nayo. Kijana alitaka kuweka nyingine kwa sababu "zote nyekundu, mama". Nikatuma boda mjini kwa nauli yangu. Klipu moja ya waya imevunjika, wameifunga kwa kamba ya plastiki wakadhani sitaona. Choo hakuna. Singeli inapigwa kutwa, na upepo wetu wa Dodoma unajua wenyewe unavyomwaga vumbi, ingawa nashukuru walifunika mdomo wa gia boksi kwa turubai.

Ufundi nimelipa laki na themanini, baada ya kuanzia laki mbili na nusu. Nimeshakwenda Bahi mara nne. Gia zinaingia laini, na chini ya gari hakuna hata tone.

Ukienda, nenda asubuhi fundi mkuu akiwepo, msalimie "mbukwa", salamu ya Kigogo, upunguziwe kidogo, na haidroliki yako ubebe. Rangi ya kucha pia, maana yangu wameimaliza.