Ndoo ya wingu, herufi moja, na mjomba aliyedhani kafungiwa na serikali

Nyota mbili. Jana usiku ilikuwa moja, na kungekuwa na kitufe cha sifuri ningekibonyeza kwa kidole gumba. Leo nimeongeza moja kwa sababu nitakazozisema nikifika, ila mtu asidhani nimesamehe.

Kampuni siitaji. Ni mojawapo ya zile kubwa za wingu, yaani zinazokuhifadhia mafaili kwenye kompyuta zao kupitia mtandao, na kwa ninavyoambiwa haya yangenikuta hata kwa jirani yake. Sifa za huduma yao zimejaa kila mahali, someni wenyewe. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni ule ukurasa mweupe wenye namba 403.

Mjomba wangu ana kitalu cha miche Muheza. Michungwa hasa, ile ya kubebesha juu ya shina la mlimau, na siku hizi kaongeza karafuu na pilipili manga. Wateja wa mbali wanampigia kuuliza bei, kila mmoja anataka picha, na simu yenyewe ni ile ambayo ukiipokelea picha kumi inaganda mpaka uitoe betri. Mimi na kimbelembele changu nikasema, "Mjomba, nitakutengenezea tovuti." Kurasa tatu tu: mwanzo, miche na bei, na tulipo. Hakuna kujisajili, hakuna malipo, hakuna chochote kinachocheza. Maandishi na picha, na ukitoa picha ni kitu kilekile ambacho Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti, alikiweka hewani kule kwenye kituo cha utafiti cha CERN mwaka 1991. Nikajiambia, kama mwaka 1991 kiliwezekana, mimi nitashindwaje?

Nilichagua hifadhi ya wingu kwa ubahili, niseme ukweli. Kukodi seva, yaani kompyuta ya kuhudumia tovuti, ni pesa ya kila mwezi hata asipopita mgeni. Huku unalipia kile unachohifadhi, kama senti mbili za dola kwa gigabaiti moja kwa mwezi, na kile wageni wanachopakua. Tovuti nzima ya mjomba haifiki megabaiti 20. Unafungua kitu wanachokiita ndoo, unamimina mafaili, unawasha swichi ya tovuti, unaitajia faili gani ndiyo ukurasa wa kwanza, basi. Kwenye video ya mafunzo jamaa alimaliza kwa dakika nane, na katikati akapata nafasi ya kunywa kahawa.

Jina la ndoo peke yake lilinila jioni nzima, maana halitakiwi kufanana na la ndoo nyingine yoyote duniani, na kila nililolipenda lilishachukuliwa. Hayo niliyavumilia. Kadi ilikataliwa mara mbili, nayo nikavumilia. Nikamimina mafaili yangu, nikawasha swichi, nikafungua anwani.

403. Umekatazwa.

Nikadhani ni bando. Nikazima data nikawasha. 403. Nikaingia kwa kivinjari kingine, 403. Kwa simu ya mke wangu, 403. Sasa kwa wasiojua: lugha ya mtandao ina namba zake. 404 maana yake ulichoomba hakipo. 403 maana yake sikupi, huna ruhusa. Kumbukeni tofauti hiyo, kwa sababu hasira yangu yote imekaa hapo.

Mimi nimeambiwa sina ruhusa. Mtu akiambiwa hana ruhusa anafanya nini? Anatafuta ruhusa. Ndoo mpya huja na kufuli linalozuia watu wa nje wasione kilichomo, jambo jema kabisa. Nikalifungua. 403. Nikaandika ile karatasi ya masharti yenye mabano na nukta pacha, kuwa kila mtu aruhusiwe kusoma. Nilikosea koma mara tatu, ikakubali ya nne. 403. Usiku wa pili, kama saa saba hivi, macho mekundu, nikafuta neno "kusoma" nikaweka kila kitu: kila mtu duniani, kwenye kila faili lililomo ndani ya ndoo ile, asome, aandike, afute, afanye apendalo. Nikabonyeza hifadhi.

403.

Barua pepe haikuchukua hata muda, roboti lao likaniandikia kunionya kwamba ndoo yangu iko wazi kwa umma. Wazi kwa umma! Umma gani, maana mimi mwenyewe nipo kwenye huo umma na nimekatazwa?

Kesho yake ndiyo siku iliyonitoa machozi. Mjomba, bila kuniuliza, alishaanza kugawa anwani. Kaja mteja kutoka Korogwe, mtu wa miche mia mbili, mjomba kamwambia kwa maringo, "Subiri nikuonyeshe kwenye mtandao." Akanipigia simu mteja akiwa kasimama pale pale.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mjomba, hapa pameandikwa nimekatazwa. Nimekatazwa na nani?"

"Hapana mjomba, hiyo ni..."

"Kama ni ushuru, risiti ninazo zote. Za mwaka jana pia ninazo."

Nikamweleza kuwa serikali haihusiki. Akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayemficha mgeni neno, "Basi ongea nao mjomba. Waambie nitakuja mwenyewe." Mzee wa watu kashajipanga kwenda kuomba msamaha kwa ofisi ambayo haipo, kwa kosa ambalo hakulitenda, mbele ya mteja wake. Kwa dakika ile ningeipa kampuni nyota hasi.

Nikaingia kwenye chati ya huduma kwa wateja. Kwanza roboti, likanizungusha. Kisha, baada ya dakika kama arobaini, binadamu. Tuliongea kwa Kiingereza, changu kile cha kuombea kazi, lakini nawawekea kwa Kiswahili. Akasema anaelewa kero yangu. Nikamshukuru. Nikamweleza yote. Akasema mpango wangu wa bure unaruhusu maswali ya akaunti na bili tu, hili langu ni la kiufundi. Nikamwomba, ndugu yangu, niangalizie tu kama faili langu linaonekana huko ndani, ndiyo au hapana. Akasema hilo nalo ni la kiufundi. Akanitumia kiungo cha maelekezo. Kiungo chenyewe kilikuwa cha rangi ya zambarau, maana nilishakifungua siku mbili nyuma. Kisha akauliza, "Je, kuna lingine naweza kukusaidia leo?"

Lingine! Kwani la kwanza limekwisha?

Kabla sijamaliza kuandika jibu, chati ikafungwa. Pengine kijana wa watu hana kosa, kapewa karatasi ya kusoma na saa ya kuhesabu. Lakini wakati ule sikuwa na moyo wa kumwonea huruma mtu.

Aliyeniokoa ni jamaa yangu wa Ubungo, anayefanya kazi hizi. Nilikuwa namkwepa kwa sababu nina deni lake. Nikampigia, akacheka kwanza kuhusu deni, halafu akasema, "Nisomee majina ya mafaili yako, herufi moja moja, kama unavyoiona, usiyapendezeshe."

Nikaanza. "I kubwa, n, d, e..."

"Simama hapo."

Nami nilishasikia mwenyewe. I kubwa. Ukurasa wa kwanza niliuandikia kwenye simu nikiwa kwenye basi, na simu, kwa adabu zake, huanza kila neno la kwanza kwa herufi kubwa. Kwenye kompyuta yangu ya nyumbani nilipobonyeza ulifunguka bila tatizo, kwa sababu Windows haijali kubwa wala ndogo. Ndoo inajali. Kwake Index.html na index.html ni watu wawili wasiojuana, na niliyemtaja kwenye swichi ya tovuti ni yule mdogo, ambaye hakuzaliwa.

Nikabadilisha herufi moja. Tovuti ikafunguka kabla sijaondoa kidole.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi kama nusu dakika. Kisha nikamuuliza jamaa: kama faili halikuwepo, kwa nini hawakuniambia halipo? Kwa nini wakaniambia nimekatazwa?

Akanieleza, na maelezo yake yana akili, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mgeni asiye na ruhusa ya kuona orodha ya vilivyomo hatakiwi hata kujua kipi kipo na kipi hakipo. Ni kama mlinzi wa getini: ukimuuliza kama bosi yumo ndani, hasemi yumo wala hayumo, anakwambia rudi. Kwa hiyo 404 inageuzwa 403 makusudi. Nami usiku ule wa saa saba niliwapa walimwengu wote ruhusa ya kufuta mafaili yaliyomo, ila kuona orodha ni ruhusa ya ndoo yenyewe, si ya faili, na hiyo sikuigusa. Yaani mtu yeyote angeweza kuja kufuta miche yote ya mjomba, lakini hakuna ambaye angeambiwa kuwa ukurasa wa kwanza haupo.

Basi naomba mnielewe hapo. Sikatai mlinzi awe msiri kwa wapita njia. Lakini mimi nilikuwa nimeingia kwa jina langu, kwenye ukurasa wao wa mipangilio, nikaandika kuwa ukurasa wa kwanza unaitwa hivi. Ndoo iko mbele yao na kilichomo wanakiona. Ingewagharimu nini mstari mmoja wa njano: "Faili ulilolitaja hatulioni humu"? Badala yake wananipa neno "ruhusa", mtu mgeni nisiyejua kitu, nami kwa siku mbili nafungua kufuli moja baada ya jingine nikitafuta tatizo ambalo halikuwa kwenye mlango. Kisha wananiandikia barua kuwa mlango wangu uko wazi. Sijui wangapi wamefungua hivyohivyo, tovuti ikaja kufunguka kwa sababu nyingine, wakaenda kulala bila kurudi kufunga. Mimi nilirudi kwa sababu jamaa alinikemea. Nikaacha kusoma peke yake, mengine yote nikafuta.

Nilipomwambia mjomba kuwa yote hayo yalikuwa herufi moja iliyosimama mrefu kuliko inavyotakiwa, hakushangaa hata kidogo. "Jicho la kubebesha ukilipachika kichwa chini," akasema, "unamwagilia wiki nzima unalaumu mbolea." Akarudi kwenye miche yake.

Haya, nyota ya pili imetoka wapi. Imetoka hapa: tangu siku ile tovuti haijazima. Umeme ulikatika mtaani kwetu kutwa nzima, yenyewe inafunguka. Bili ya kwanza ilikuja senti nne za dola, pesa isiyonunua andazi, nikaikodolea macho nikidhani wamesahau sifuri. Mteja wa Korogwe alirudi, akaangalia bei kwenye simu yake mwenyewe, akachukua miche yake mia mbili, na hamsini ya nyongeza. Niliandika nyota tatu hapa, zikakaa kama robo saa.

Nikaziondoa kwa sababu ya maneno "Si salama." Nilipofunga jina la kikoa chetu, yaani anwani yetu wenyewe ya tovuti, kwenye ndoo, Chrome ikaweka maneno hayo juu kabisa pembeni ya jina la mjomba, kama ilivyofanya kwa kila tovuti ya http, yaani isiyo na kufuli la usiri, tangu Julai 2018. Ndoo peke yake haiwezi kuweka kufuli la https kwenye kikoa chako. Lazima uweke huduma nyingine mbele yake, nami nilitumia ya kwao, yenye ukurasa wake wa mipangilio, wenye maswali ambayo sijui hata yanauliza nini. Cheti chenyewe ni bure, nakubali. Lakini kwenye video ya dakika nane hili halikutajwa, na "hatua chache rahisi" za kwenye tangazo lao hazikulihesabu. Nililimaliza kwa siku mbili nyingine, jamaa wa Ubungo kwenye simu, deni likiongezeka. Sasa kufuli lipo, nami nikarudisha ile nyota ya tatu.

Hapo ndipo mjomba alipopiga jana jioni. Anataka picha ya pilipili manga iwe ya kwanza, zimezaa. Akanitumia, nikaipakia, nikaandika jina lake kwenye ukurasa, nikafungua. Kisanduku kitupu. Sikumpigia mtu. Nilikaa nikakitazama kile kisanduku, kisha nikaenda kusoma jina la picha herufi moja moja kama nilivyofundishwa. Simu ya mjomba imeiita IMG_2047.JPG, herufi zote kubwa mpaka mwisho. Mimi kwenye ukurasa nimeandika .jpg.

Nikafungua ile ndoo kutafuta kitufe cha kubadilisha jina la faili. Sikukiona, nikafuta nikapakia upya. Nyota mbili na nusu ndiyo haki yao, ila hapa nusu haibonyezeki.