Mapezi Mafupi au Marefu? Kwa Wenye Teke Dhaifu, Kutoka Malindi

Assalamu aleikum, karibuni tena. Leo niko Silversands hapa Malindi, maji yamejaa, kaskazi inavuma taratibu, na nimekuja na jozi mbili za mapezi, yale ya kuvaa miguuni unapoogelea. Swali lenu ni lile lile: "Nikipiga miguu siendi popote, ninunue mapezi?" Nunua, lakini si haya marefu. Na kabla hujatoa pesa, hebu tupime miguu yako kwanza.

Kaa chini hapo ulipo. Nyosha miguu, magoti yalale. Sasa elekeza vidole mbele, vishuke sakafuni kadiri uwezavyo. Vikikaribia sakafu, kifundo chako kiko laini. Vikibaki vinatazama dari, basi ugonjwa wako ni huo. Unyayo uliosimama hivyo hausukumi maji nyuma, na wako watu wanaopiga mateke kwa nguvu zao zote wakajikuta wanarudi kinyumenyume. Nyinyi wakimbiaji mnanisikia? Kifundo chenu kimezoea kuwa kigumu, barabarani kinawafaa, majini kinawaangusha.

Jambo jingine ni goti. Mtu anakanyaga maji kama anaendesha baiskeli, povu tele, mwendo hakuna. Teke linaanzia nyongani. Paja linashuka kwanza, goti linafuata likiwa limelegea, unyayo unamalizia. Na liwe dogo. Miguu ina misuli mikubwa inayokula pumzi haraka, ndiyo maana waogeleaji wengi wa masafa marefu hupiga mateke mawili tu kwa kila mzunguko wa mikono, wakaacha yale sita kwa mbio fupi na kumalizia.

Haya, tuje kwenye bidhaa. Sogea karibu uone. Haya marefu ndiyo utakayoyakuta kwenye boti zinazopeleka wageni kwenye hifadhi yetu ya bahari, ile iliyotangazwa mwaka 1968. Kuelea juu ukitazama samaki na matumbawe, ni mazuri mno, unasukuma kidogo unakwenda mbali. Kwa mazoezi ya teke hayakufai. Bapa lake ni refu, linakulazimisha upige teke kubwa la polepole, na ukishayavua, mdundo ule huna kazi nao.

Haya mafupi ni ya mpira, bapa limezidi vidole vyangu kidogo tu. Nikilikunja, unaona? Linapinda huku mbele, halafu linarudi lenyewe. Ukiwa majini, kila teke linakinyoosha kifundo, na mguu ukipanda unahisi maji chini ya unyayo kama... basi, unayahisi tu, jaribu mwenyewe. Teke la kupanda ndilo watu wanalolisahau, na haya yanakukumbusha. Mdundo pia unabaki karibu na ule wa miguu mitupu.

Kasoro ipo. Tazama huu ukingo hapa ndani, kisiginoni, umeachwa na kalibu. Unakwaruza. Mchanga na chumvi vikiingia hapo, malengelenge hayo. Mimi nimeusugua kwa msasa, na ninavaa soksi nyembamba. Ukiyajaribu dukani, tikisa mguu: pezi lisichomoke, na vidole visikunjike ndani. Usinunue kubwa ukisema utazoea.

Sasa jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Mapezi yanaficha udhaifu. Yanainua miguu, unajiona bingwa. Na bahari nayo inaficha, kwa sababu maji ya chumvi yanakuelesha zaidi. Kwa hiyo mtu wa pwani anaweza kuogelea miaka asijue miguu yake inazama, mpaka siku aingie bwawa la hoteli lisilo na chumvi. Jipime huko, miguu mitupu, ndipo utajua kama umepata nafuu.

Ninavyoyatumia: mita 50 nayo, navua, mita 25 bila, papo hapo, mguu ungali unakumbuka. Yasipite robo ya mazoezi yako. Shavu la mguu likikaza, simama, vuta vidole kuelekea kwako mpaka liachie. Kama una nia ya kushindana, ujue kwenye mbio za kawaida za kuogelea hayaruhusiwi. Na nyumbani, kalia visigino, migongo ya nyayo imelala chini. Mnaosali kikao hiki si kigeni kwenu, ila hapa laza miguu yote miwili, na magoti yakiuma acha.

Baharini fanya mazoezi sambamba na ufuo, usielekee nje. Mapezi yanakupeleka mbali bila kuchoka, halafu maji yanaanza kupwa, na pezi moja likichomoka unarudi na nini? Wa Lamu, ule mkondo baina ya Amu na Manda mnaujua kuliko mimi, huko msiende peke yenu.

Kama nyumbani tayari unayo yale marefu, usiyatupe. Subiri siku Mto Sabaki haujaleta tope, maji yawe meupe, panda boti ukatazame matumbawe. Ya mazoezi, chukua mafupi, na umwombe muuzaji akuache uyavae kabla hujalipa.