Filta ya polaraizi katika kisiwa cha Réunion: uzoefu wangu

Filta ninayoizungumzia ni ya polaraizi, yaani kioo kinachofungwa mbele ya lenzi ili kukata mng'ao unaoakisiwa, cha kuzungusha kwa pete yake, chenye kipenyo cha milimita 77, na nilikwenda nayo Réunion kwa sababu ambayo matangazo huwa hayaigusi. Wauzaji huionyesha ikikoleza bluu ya anga, ilhali mimi nilitaka kujua itafanya nini mbele ya mwamba mweusi uliolowa na majani yanayometameta, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyotawala picha za visiwa vya volkeno vya ukanda wa joto.

Jibu nililipata Cap Méchant, pwani ya kusini, ambako magenge ya basalti hupigwa na mawimbi kutwa kucha. Bila filta, jiwe lililolowa huakisi anga na kutokea pichani likiwa la kijivu, mithili ya ukuta uliopakwa chokaa hafifu. Nilipoizungusha pete taratibu huku nikitazama kioo cha kamera, mng'ao ulififia, weusi ukarudi, na ndani ya weusi huo vikaanza kuonekana vitundu vilivyoachwa na gesi wakati zaha ilipokuwa ikipoa. Kwenye madimbwi, mng'ao hukatika vizuri zaidi kamera ikiyatazama kwa mteremko wa nyuzi 37 hivi kutoka usawa wa maji. Ukiielekeza chini moja kwa moja, filta haifanyi lolote, na ndiyo maana urefu wa tripodi una uzito kuliko watu wanavyodhani.

Katika bonde la Salazie, lenye maporomoko ya maji na mimea iliyosongamana, kijani cha majani kilitoka kikiwa kimeshiba. Hapa ndipo ninapoona filta hii inastahili fedha zake, kwa sababu rangi iliyofunikwa na mng'ao haikunaswa na kamera, na programu ya kuhariri haiwezi kurudisha kisichokuwapo. Tahadhari moja: mwanga wa upinde wa mvua nao una polaraizi, yaani mawimbi yake hutetema zaidi kuelekea upande mmoja, kwa hiyo pete ikikaa vibaya upinde hutoweka kabisa, na ikikaa vizuri hukolea.

Kuhusu anga, sifa zinazovumishwa nimeziona ni nusu ya kweli. Pas de Bellecombe, mahali pa kutazamia volkeno kwenye mwinuko wa mita 2,311, mpiga picha hulazimika kuwahi alfajiri kabla mawingu hayajaifunika volkeno yenyewe, Piton de la Fournaise, yenye mita 2,632. Wakati huo jua liko chini upande wa mashariki, na filta hufanya kazi zaidi kwenye sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka lilipo jua. Matokeo yake, kwa lenzi ya pembe pana, upande wa kusini wa picha ulikuwa bluu nzito na upande wa jua ukabaki mweupe. Jua likiwa utosini, anga ya karibu na upeo hukolea sawasawa pande zote, lakini saa hiyo mlima hauna vivuli vya kuonyesha umbo lake, kwa hiyo faida hiyo haina maana kubwa.

Filta hupitisha kati ya nusu na robo tu ya mwanga, gharama inayoonekana wazi katika msitu wa Bélouve, ambako chini ya ukungu ilinibidi nipunguze kasi ya shata (kifungio kinachoingiza mwanga katika kamera) hadi majani ya makangaga yakatoka bila makali kwa kutikisika kila upepo ulipovuma. Huko niliivua mara kwa mara.

Kwa ujenzi wake sina sifa nyingi. Mchanga mweusi wa Étang-Salé uliingia katika pete ikaanza kukwaruza, ingawa kuisuuza kwa maji baridi kulisaidia, na chumvi ya bahari ilifutika kwa urahisi. Unene wa pete ndio ulioniudhi: kwenye lenzi ya milimita 16 huacha giza katika pembe nne za picha. Anayetumia lenzi pana namna hiyo achague yenye pete nyembamba, ila ahakikishe kwanza kuwa ina hesi (mikato ya kuskurubia) upande wa mbele, kwani baadhi hazina, na kifuniko cha lenzi hukosa pa kushika.