Nimelipia masomo ya kemia, nikajibiwa nikariri

Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, na kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikilipia masomo ya kemia yanayotolewa kwa simu. Mada ya moli, yaani kipimo cha kuhesabia chembe za kemikali, waliifundisha vizuri mno, na kwa hilo siwezi kuwadhulumu. Kilichonitia hasira ni kipindi cha asidi dhaifu.

Mwalimu alitumbukiza utepe wa magnesiamu katika neli mbili za majaribio. Kwenye asidi ya haidrokloriki mapovu yalifoka. Kwenye asidi ya ethanoiki, ile iliyomo ndani ya siki, viputo vilichomoza kimoja kimoja. Kisha akatamka, kwa sauti ya mtu asiyetarajia kubishiwa, kwamba hiyo ya pili ni dhaifu kwa sababu imetiwa maji mengi. Lebo za neli zote mbili, ambazo kamera ilizisogelea kabisa, zilisomeka moli 0.1 kwa lita! Ukolezi ni uleule. Tofauti ni kwamba haidrokloriki hugawanyika karibu yote kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, ilhali katika ethanoiki ya ukolezi huo ni kama asilimia 1.3 tu ya molekuli zilizoyapa maji ayoni ya haidrojeni. Nyingine zote zimo nzima, na ayoni nazo hurudi kuungana kwa kasi ileile ya kugawanyika. Ndiyo maana pH, kipimo cha uasidi kinachoshuka kadiri ayoni za haidrojeni zinavyozidi, kwa asidi ya kwanza ni 1, na kwa ya pili takriban 2.9.

Niliuliza kwa adabu: ikiwa udhaifu huletwa na maji, mbona ethanoiki ikizimuliwa hadi moli 0.001 kwa lita, sehemu inayogawanyika hupanda na kufika kama asilimia 12? Jambo hilo mwanakemia Ostwald alikwisha kuliwekea kanuni mwaka 1888. Nikajibiwa, "Dada, wewe kariri fomula, mtihani hauulizi hayo." Fomula yenyewe ya asidi dhaifu imejengwa juu ya hayo hayo anayoyadharau! Atakayeikariri bila kuelewa ataiweka hata kwenye haidrokloriki, na alama zitampita.

Nilikusudia kuwapa nyota tatu kwa ajili ya moli, na pengine anayeanza kabisa atanufaika nao. Lakini nimefungua kipindi kile tena kabla ya kuandika haya, na kosa lipo palepale, wala hakuna hata neno la masahihisho chini yake. Nyota moja, na mwezi ujao silipii.