Kadi ya kutambulia pomboo wenye madoa: plastiki imara, mwongozo pungufu

Kadi hii ya plastiki, iliyokusudiwa kushikwa chomboni hata mikono ikiwa imelowa, inamhusu pomboo mwenye madoa wa bahari za joto, ambaye jina lake la kisayansi ni Stenella attenuata. Nimeitumia katika safari kadhaa, na kuhusu uimara sina lawama, kwani wino haukufifia wala kingo hazikubanduka.

Kasoro iko katika mchoro mkuu. Umemwonyesha mnyama mzima aliyejaa madoa, na maelezo yake yanamtaka msomaji aanze kwa kuyatafuta madoa hayo. Ushauri huo unapotosha, kwa sababu pomboo huyu huzaliwa bila doa lolote, akiwa na urefu wa takriban sentimita 85, na madoa humjia polepole kadiri anavyokua: meusi hutangulia tumboni, kisha yenye rangi hafifu hutokea mgongoni. Hata kwa wakubwa wingi wake haulingani. Wanaoishi karibu na pwani ya mashariki ya Pasifiki huwa na madoa tele, ilhali wa Hawaii huwa nayo machache tu. Zaidi ya hayo, Tursiops aduncus, pomboo mnene mwenye mdomo mfupi, naye hupata madoa tumboni akikomaa, kwa hiyo anayefuata madoa peke yake atawachanganya wawili hao bila kujua.

Alama ninayoiamini zaidi ni ile rangi nyeusi ya mgongoni iliyokaa kama joho, ambayo hushuka ubavuni karibu na pezi la mgongo na kupanda tena kuelekea mkiani. Huonekana hata kwa mnyama mchanga, lakini kadi imeitaja kwa mstari mmoja, na kwa herufi ndogo.

Ulinganisho na Stenella longirostris, yule anayeruka na kujizungusha hewani, umefanywa vizuri mno. Ncha ya mdomo, nyeupe kwa mwenye madoa aliyekomaa na nyeusi kwa mwenzake, imechorwa kwa ukubwa unaostahili, na tofauti ya pezi, lililopinda kama mundu kwa mmoja na lililosimama zaidi kwa mwingine, inaonekana mara moja.

Ninaipa nyota tatu kati ya tano. Toleo lijalo likiongeza mchoro wa ndama asiye na madoa akiogelea ubavuni mwa mama yake, nitalinunua siku hiyohiyo.