Tumempeleka mzee Butiama: makumbusho ya Mwalimu Nyerere nawapa nyota tano, ila msiishie kwenye makabati ya vioo

Mzee wangu ana miaka 78, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na katekista wa kigango chetu, kanisa letu dogo la Kikatoliki, mpaka leo, na tangu mwaka juzi alikuwa ananiomba kitu kimoja tu, mwanangu nipeleke Butiama nikasali kaburini kwa Mwalimu Julius Nyerere, Rais wetu wa kwanza, wakati miguu bado inanibeba. Mwezi uliopita nikapata likizo, mdogo wangu akachangia mafuta, tukatoka Mwanza alfajiri tukapita Magu, Lamadi, Bunda mpaka Musoma tukalala huko. Naandika kwa sababu kabla ya kwenda nilitafuta mtu aliyeeleza vizuri pakoje nikakuta picha za watu wamesimama getini tu, maelezo hakuna.

Usafiri kwanza. Gari tulikodi, na jamaa aliyetukodisha alitupa bei moja kwenye simu na nyingine asubuhi mizigo ishapakiwa na mzee keshakaa kiti cha mbele, ile tabia sio nzuri hata kidogo. Andikianeni bei kwenye meseji kabisa kabla hamjatoka.

Kutoka Musoma mjini unaenda mpaka Makutano Juu ndio unashika njia ya Butiama. Mzee alimwambia dereva aangalie kilomita tangu tunatoka maeneo ya shule ya msingi Mwisenge, maana ndipo Mwalimu alipoanza shule mwaka 1934 akiwa na miaka 12, na inasimuliwa alitembea kutoka kwao mpaka pale, maili 26, yani kama kilomita 42 hivi. Tukawa tunaenda mzee yuko kimya anaangalia nje, milima, mawe, mashamba ya mihogo, kila baada ya muda anauliza ngapi sasa. Tulipofika dereva akamsomea namba, mzee akatikisa kichwa akasema mtoto wa darasa la kwanza huyo, kwa miguu. Hapo hata tiketi bado hatujakata.

Sasa makumbusho yenyewe. Yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka uleule Mwalimu aliofariki, na yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Kiingilio kwa Mtanzania hakiumizi, nenda na hela taslimu ndogondogo ili usisumbuane na chenji. Ndani kuna nguo zake, vitabu, maandishi, picha nyingi sana, na zawadi alizopewa alipokuwa madarakani. Ukikimbia unamaliza nusu saa, sisi tulikaa zaidi ya saa moja na nusu na hakuna aliyetuharakisha.

Mwongozaji tuliyepewa ni kijana tu lakini ana adabu na anajua kazi yake. Alimwamkia mzee shikamoo, akamtafutia kiti, halafu akamuuliza mzee wewe ulikuwa wapi miaka hiyo? Nilipenda sana hilo, maana waongozaji wengi wanakariri maelezo wanakumwagia kama kaseti, huyu alisikiliza kwanza. Mzee akaanza kumwambia jinsi mwaka 1970, ule uliotangazwa mwaka wa elimu ya watu wazima, yeye ndio ameajiriwa karibuni, jioni anafundisha watu wazima kusoma kwa mwanga wa kandili, kina mama wamebeba watoto mgongoni, wengine wakubwa kumpita mama yake mzazi, na wakiweza kuandika majina yao walikuwa wanalia. Mimi ni mtoto wake wa tatu na hiyo stori ya kandili sijawahi kuisikia nyumbani. Kijana akasimama anasikiliza mpaka mwisho, hata wageni wengine wawili wakasogea.

Kuna jambo moja pale lilimgusa mzee kuliko yote. Mwongozaji alikuwa anaeleza jinsi mwaka 1955 Mwalimu alivyoacha kazi ya kufundisha shule ya Pugu, Dar, kwa sababu aliambiwa achague ualimu au siasa, na ana mke na watoto wachanga. Akarudi kwao huku Mara, akawa anamfundisha Kizanaki, lugha ya kwao, padri mmoja mmisionari wa Maryknoll ili apate chochote, na aliporudi Dar familia ya kina Sykes ikampokea, Waislamu wale wanamhifadhi Mkatoliki nyumbani kwao bila maneno, na mkewe, Mama Maria, naye akawa na duka dogo. Mzee akanishika mkono akasema unajua mwanangu, kuacha mshahara una watoto wanalia maziwa, mimi nisingeweza. Akakaa kidogo akasema na mama yenu asingekubali. Baadaye, Mwalimu keshakuwa Rais, mwaka 1966 alijipunguzia mshahara kwa asilimia 20, na mzee anakumbuka walivyolijadili hilo kijijini kwao.

Ila jamani, sehemu yenye uzito haiko kwenye makabati. Ukimaliza mule ndani usigeuze gari, omba kupelekwa Mwitongo, ndipo nyumbani kwa familia yake na makaburi yalipo. Kuna mawe makubwa, miti, kivuli kizuri, na ukimya fulani hivi. Pale unapata picha ya mtu mwenyewe. Baba yake, Mtemi Burito, alikuwa na wake 22. Alifariki 1942, mwaka uliofuata kijana akabatizwa akachukua jina la Julius, 1953 akamuoa Maria, na akabaki na mke huyohuyo mpaka kifo kilipowatenganisha 1999, watoto nane. Ametoka kwenye boma la wake 22 akaamua mmoja, na hakulikana boma, kwa wazazi wake alirudi na ndipo alipozikwa. Mwongozaji alisema hata kwenda shule inasimuliwa ilitokana na jirani yao Mtemi Ihunyo wa Busegwe kuona jinsi mtoto anavyowafunga watu wazima kwenye bao, akamwambia baba yake huyu mpeleke shule. Mzee wangu anapenda bao kuliko chakula, hiyo stori ameshaisimulia kigango kizima.

Nyumba kubwa aliyojengewa na jeshi ipo pia, hakuwahi kukaa humo muda mrefu, alipelekwa London kutibiwa akafia huko tarehe 14 Oktoba. Mzee aliitazama kwa mbali tu akaendelea kuelekea kaburini.

Kaburini alivua kofia akapiga magoti. Nilitaka kumzuia kwa ajili ya goti lake la kushoto, mwongozaji akanionyesha kwa mkono nimuache. Alisali rozari nzima, matendo yote matano, na yule kijana alisimama pembeni muda wote hajashika simu hata mara moja. Nyota tano zangu zinatokea hapo zaidi kuliko mahali pengine popote. Kwa wasiojua, Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza Mwalimu mwenye heri na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu tangu 2005, na kila tarehe 1 Juni watu wanaenda Namugongo Uganda, kwenye kituo cha hija, kuuombea mchakato huo. Mzee naye amekuwa akiuombea miaka yote. Mtu aliyekuwa anaenda misa asubuhi karibu kila siku akiwa Rais wa nchi, aliyekaa akageuza Injili zote nne kuwa tenzi za Kiswahili, mzee anasema huyo alikuwa katekista mwenzetu tu, kigango chake ndio kilikuwa kikubwa.

Najua kuna watakaosema mbona Operesheni Vijiji ya serikali yake, na ni kweli, miaka ile ya 70 watu wengi walihamishwa kwa nguvu wakaacha nyumba na mashamba, wakaumia, na mimi naona ni haki hilo lisemwe palepale Butiama mgeni akiuliza. Mzee mwenyewe ndiye aliyeliuliza. Lakini aliniambia kitu njiani nikakishika, kwamba huyu huyu aliyesali kila siku ndiye aliyetaifisha shule za kanisa lake mwenyewe ili mtoto wa Kiislamu na wa Kipagani wasome dawati moja na wa Kikristo, na mapadri wengine walikasirika sana. Yeye alikuwa ameajiriwa shule mojawapo wakati inachukuliwa, anakumbuka darasa lilivyojaa watoto waliokuwa hawaruhusiwi kukanyaga pale.

Mambo madogo ya kujua. Nendeni asubuhi, jua la mchana kwenye yale mawe ni kali na wazee wanachoka. Kama una mtu mwenye shida ya miguu beba fimbo na viatu vya kufunga, sio ndala. Sisi tulibeba chupa ya chai, viazi vitamu na maji yetu tukala kivulini, samaki tukaja kula usiku Musoma, sato wa kuchoma na ugali wa muhogo, mzee alimaliza wake akasaidia na wangu. Watoto wapelekeni lakini wasimulieni kidogo kabla, vinginevyo wataona picha za zamani basi. Tarehe 14 Oktoba wageni ni wengi, kama unataka utulivu chagua siku nyingine. Na mwongozaji mpeni chochote cha soda, yule wetu hakuomba.

Kitu ambacho ningependa kiongezwe ni sehemu ya wazee kama baba yangu kukaa na kurekodiwa sauti, hata kwa simu tu. Wanafika pale kila siku, wanasimulia mbele ya picha, wanaondoka na maneno yao. Kile kisa cha kandili nilikirekodi nusu tu kwa sababu nilichelewa kutoa simu.

Kabla ya kuondoka kulikuwa na kitabu cha wageni, mzee akaandika jina lake kwa ule mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama. Sasa anataka turudi mwakani na mama, na safari hii tulale siku mbili.